Usiifungulie dunia databesi yako, pitia SSH

Kama umeweka MariaDB (programu ya databesi) kwa seva ya Ubuntu na unataka kuiona ukiwa na laptopu, wacha hiyo mambo ya kubadilisha bind-address (anwani ambayo databesi inasikiliza) iwe 0.0.0.0, yaani anwani zote za seva, halafu unaanza kuruhusu IP yako kwa fayawoli, IP za hapa Nairobi zinabadilika kila saa, asubuhi uko na faiba ya nyumba, jioni bando ya simu ndani ya jam ya Thika Road, utaruhusu ngapi sasa? Iache tu 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe tu, faili ni /etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf, kisha kwa laptopu fungua njia ya SSH (muunganisho salama wa kuingia kwa seva):

ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 jina@seva

Hiyo inapeleka poti 3307 ya laptopu hadi poti 3306 ya MariaDB kwa seva. Halafu unganisha programu yako na 127.0.0.1 poti 3307. Usiandike localhost, kwa Linux klayenti ya MySQL ikiona hiyo inaruka poti na kutumia soketi (faili ya kuunganisha programu ndani ya mashine moja) ya laptopu yenyewe, unajipata kwa databesi ingine ukishangaa tebo zako zimeenda wapi. Kila kitu kinapita ndani ya SSH, MariaDB inadhani uko pale pale kwa seva, na hao boti wanaoskani 3306 usiku kucha hawapati mlango.

Kama hostingi yako ni ya kushea na haina SSH, ama AllowTcpForwarding (ruhusa ya SSH kupitisha poti hivi) imezimwa, hapo hii haisaidii. Na watu wa Docker (wanaoendesha databesi ndani ya kontena) mchunge sana, -p 3306:3306 inapita ufw (fayawoli ya Ubuntu) kama haiko, andika -p 127.0.0.1:3306:3306.