Bei ya tiketi ya ndege inapanda ukifika kulipa? Ikague hivi

Mi kazi yangu kukatia watu tiketi, na kila siku naulizwa mbona mwanzo iliandika bei ndogo. Mara nyingi si wizi. Fanya hivi.

1. Bei yenye neno "kuanzia" usiipigie hesabu. Mara nyingi ni bei iliyohifadhiwa tangu mtu mwingine alipotafuta, siti yenyewe inaweza kuwa ishaenda. Chagua tarehe na ndege kabisa, itakayokuja hapo ndo bei. Cheki pia kama ni ya kwenda tu.

2. Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Siti za economy hazina bei moja, zimegawanywa kwenye madaraja ya herufi, kila herufi na bei yake, sasa ukitafuta za watu watatu na daraja la chini limebaki na siti mbili, mfumo kwa kawaida unawapandisha wote watatu daraja la juu, hata wale wawili ambao siti yao ya bei rahisi ipo! Tafuta ya mtu mmoja, halafu wawili, halafu watatu. Bei ya kila mtu ikiruka ujue siti za bei rahisi zimeishia hapo, kata mbili kwanza kisha huyo mmoja peke yake. Ila mtakuwa na buking mbili, ndege ikifutwa mnaweza kupangiwa tofauti, kwa hiyo mwenye watoto wadogo simshauri.

3. Fungua mchanganuo wa bei. Ukiona YQ au YR hiyo si kodi ya serikali, ni tozo ya shirika lenyewe, na ndo inayofanya tiketi ya pointi (zile unazokusanya kwa kusafiri na shirika) iitwe ya bure halafu ulipe hela ya maana. Ulaya kanuni namba 1008 ya 2008 inataka bei ya mwisho ionyeshwe tangu mwanzo, Marekani nao wana sheria kama hiyo tangu 2012, kwingine inategemea.

4. Toa tiki za bima na kuchagua siti. Begi liongeze kabla hujalinganisha mashirika, sio baada.

5. Kwenye kadi wakikuuliza ulipe kwa sarafu yako, kataa, lipa kwa sarafu ya bei iliyoandikwa, maana rate yao mara nyingi mbaya kuliko ya benki.

6. Piga skrinshoti ya jumla kabla ya kubonyeza lipa. Benki ikikata zaidi, hiyo ndo utawatumia.