Namna ya Kupata Imani na Kutiwa Moyo Unapoanza Kuwaandikia Watoto

Anayeanza kuwaandikia watoto huvunjika moyo mapema kwa sababu kazi yake hudhaniwa kuwa nyepesi. Jamaa humwuliza ni lini ataandika kitabu "cha kweli", na yeye mwenyewe, akiitazama hadithi yake ya maneno 500, huanza kuamini kwamba hajafanya lolote la maana. Msimamo wangu ni kwamba imani ya kuendelea hupatikana kwa mtoto anayesikiliza, na hupatikana hapo muda mrefu kabla ya kupatikana kwa mchapishaji.

Anza kwa kutenganisha imani mbili ambazo wengi huzichanganya. Kuamini kwamba umeitwa kuifanya kazi hii ni jambo moja, na kuamini kwamba mswada ulio mezani leo umekamilika ni jambo jingine kabisa. Ile ya kwanza ishike kwa nguvu zako zote, na kama wewe ni mtu wa dini, iombee kila unapoketi kuandika, maana sala hutuliza hofu na kukukumbusha kwamba kuna mtu unayemtumikia. Ile ya pili uwe radhi kuiachia kila siku. Asiyezitenganisha hudhani kwamba mhariri aliyekosoa aya moja ameukataa wito wake wote, na hapo ndipo wengi huweka kalamu chini.

Kisha tafuta watoto wa kuwasomea, wala wasiwe wa nyumbani kwako tu. Mtoto wako anapenda sauti yako na kuketi karibu nawe, kwa hiyo atafurahia hata ukimsomea orodha ya majina, ilhali mtoto asiyekuzoea hana sababu ya kukuonea haya. Omba ruhusa kwa wazazi au kwa mwalimu, keti na watoto wachache wa umri unaouandikia, usome kwa sauti bila kueleza chochote kabla, huku mwenzako akiweka alama kwenye nakala ya pili kila wanapoanza kugeukageuka au kutazama mlango. Tuseme umeandika, "Zuhura alihuzunika sana kwa sababu mvua iliyonyesha usiku kucha ilikuwa imeharibu mipango yake ya kucheza," ukaona macho yao yanahama. Jaribu tena: "Zuhura alifungua mlango. Uwanja wote ulikuwa maji. Mpira wake ulikuwa unaelea katikati." Mtoto atakayeuliza, "Sasa atauchukuaje?" amekutia moyo kwa namna ambayo mtu mzima hawezi, na papo hapo amekuonyesha ukurasa unaofuata unataka nini. Liandike swali hilo daftarini neno kwa neno, kwa sababu siku utakayotaka kukata tamaa utalihitaji kuliko sifa za rafiki.

Kichwa kikichoka, tumia mikono. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa za mtambo wa uchapaji hukunjwa katika mafungu ya kurasa 8 au 16. Chukua karatasi 8, uzikunje katikati na kuzipachika moja ndani ya nyingine, nawe utakuwa na kijitabu chenye kurasa hizo 32. Acha chache za mwanzo kwa ajili ya jina la kitabu na taarifa za uchapishaji, halafu igawe hadithi yako katika zilizobaki, uone ni wapi msomaji atafunua ukurasa kwa hamu na ni wapi kurasa mbili zinasema jambo lile lile. Huhitaji kujua kuchora wala kumlipa mchoraji, kwani kwa kawaida mchapishaji ndiye anayemteua na kumlipa.

Waandishi wenzako watatu au wanne wanatosha kukusomea mswada, ilimradi nao wanaandika na wanakutana bila kukosa. Waombe wakuambie walipopotea. Kurekebisha ni kazi yako.

Kukataliwa hakuepukiki, hivyo jifunze kuzisoma barua za kukataliwa. Barua fupi ambayo mchapishaji humpelekea kila mtu haikuambii lolote kuhusu kipaji chako, kwani huenda tayari ana kitabu kinachofanana na chako, au ameshajaza mpango wake wa mwaka. Barua inayotaja mhusika wako kwa jina, hata kama imekataa, ina maana kwamba mhariri alisoma na kufikiri. Itunze, na umkumbuke mhariri huyo utakapokuwa na hadithi nyingine. Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji Mwingereza wa vitabu vya watoto, alianza habari za sungura wake Peter katika barua yenye picha aliyomwandikia mtoto mgonjwa mwaka 1893. Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada uliotokana na barua hiyo, naye akachapisha nakala 250 kwa fedha zake Desemba 1901. Kampuni ya Frederick Warne, iliyokuwa miongoni mwa waliokataa, ilikubali kukitoa kitabu kwa sharti kwamba picha ziwe za rangi, Potter akazichora upya, nacho kikatoka mwaka 1902. Ninachokithamini zaidi katika kisa hiki ni huko kuchora upya: hakuiacha hadithi yake, lakini hakung'ang'ania kila mstari wake.

Jihadhari, mwisho, na wanaouza matumaini. Ukiamua mwenyewe kulipia uchapaji, huku ukijua gharama na idadi ya nakala, hiyo ni njia halali. Lakini anayejiita mchapishaji, akausifu mswada wako kupita kiasi kisha akakutaka ulipe ndipo akitoe kitabu, anafanya biashara na wewe badala ya wasomaji wako. Mshukuru, usitie saini, na uupeleke mswada kwa mchapishaji anayewalipa waandishi wake, huku hadithi yako ya pili ikiwa imeshaanza.