Nextcloud ndani ya Docker: kuiweka ni rahisi, mtego uko kwenye kusasisha

Shemeji yangu ana studio ya picha za harusi. Niliwahi kumwekea Nextcloud (programu ya kutunza na kugawana faili kwenye seva yako mwenyewe) kwenye kompyuta ya ofisini, ndani ya Docker, yaani chombo kinachoendesha kila programu ndani ya boksi lake liitwalo kontena, wateja wachukue picha zao bila kubeba flashi. Siku moja akanipigia: "Shemeji, seva imegoma." Alichofanya ni `docker compose pull` (kushusha toleo jipya) na `up -d` (kuliwasha), basi. Kosa lilikuwa langu, utaliona hatua ya 3.

1. Faili la compose

Huduma ni mbili, `db` (hifadhidata ya MariaDB) na `app` (Nextcloud yenyewe), na namba ya toleo iandike mwenyewe:

```
image: mariadb:10.11
image: nextcloud:31-apache
```

SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, usiikubali, hata kwa majaribio. Data iweke kwenye folda za kawaida: `./db:/var/lib/mysql` na `./nc:/var/www/html`. Wengi hupenda voliyumu, hifadhi zinazosimamiwa na Docker yenyewe. Mimi sizitaki, maana `docker compose down -v` huzifuta, ila folda haizigusi.

2. Washa

`docker compose up -d`, fungua poti uliyochagua, tengeneza akaunti ya msimamizi. Ikikataa anwani yako, iongeze kwenye `trusted_domains` ndani ya `nc/config/config.php`.

3. Kusasisha

Wakati ule niliandika `nextcloud:latest`, yaani toleo jipya lolote lililopo. Data ya shemeji ilikuwa toleo la 27, `pull` ikamletea 31. Nextcloud hairuki: 27 kwenda 28, 28 kwenda 29, hivyo hivyo moja moja. Ukiruka, kontena inazima na kuwaka bila kukoma, na `docker compose logs app` inakwambia sababu waziwazi. Data haijaguswa, usihangaike.

Mimi nilihangaika. Nikaandika `nextcloud:27.0` ili nirudi nyuma, ikagoma tena: data ilikuwa 27.1, na kushuka toleo nako hakuruhusiwi, hata kwa hatua ndogo. Saa tatu zimepotea kabla sijafikiria kuangalia toleo halisi:

```
grep VersionString nc/version.php
```

Kontena ikiwa imegoma, `exec` (amri ya kuendesha kitu ndani yake) haifanyi kazi, lakini folda unaisoma tu. Ndiyo maana nazing'ang'ania folda.

Kabla ya kila toleo, chukua nakala ya hifadhidata:

```
docker compose exec -T db sh -c 'mariadb-dump -unextcloud -p"$MYSQL_PASSWORD" nextcloud' > kabla28.sql
```

Fungua hilo faili uone lina kitu. Nimewahi kutunza nakala ya baiti sifuri wiki nzima. Folda ya `nc` nayo inakiliwe, kontena ikiwa imezimwa. Kisha badilisha namba, `pull`, `up -d`, na ukae kwenye `logs -f app` mpaka isome "Update successful". Usizime katikati; umeme ukiwa wa mashaka, subiri kesho.

Ikishawaka:

```
docker compose exec -u www-data app php occ db:add-missing-indices
```

Halafu ingia, fungua picha moja, ndipo uende toleo linalofuata. Kwa shemeji tulirudia mara nne, kutoka 27 mpaka 31, na chai ikapoa kila mara.