Kukadiria bei ya mafuta ya mwezi ujao kabla haijatangazwa

Mwenye lori, mwenye daladala au mhasibu wa SACCO ya matatu hana haja ya kungoja tangazo ndipo ajue bei inaelekea wapi. Kikotoo cha simu na namba nne vinatosha kupata makisio yaliyo karibu na ukweli: bei ya mafuta yaliyosafishwa, thamani ya dola, gharama ya meli, na kodi. Wengi hukosea kwa sababu huanza na namba ya tano isiyowahusu moja kwa moja, yaani bei ya Brent inayosomwa kwenye taarifa ya habari.

Fuata mafuta unayonunua

Brent ni mafuta ghafi, na sisi wa Kenya na Tanzania hatununui ghafi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013, na kile cha TIPER pale Kigamboni kimebaki kuwa ghala. Petroli na dizeli hutufikia zikiwa tayari, sehemu kubwa kutoka nchi za Ghuba na pwani ya magharibi ya India, kwenye viwanda kama vya Jamnagar, Gujarat. Kwa hiyo bei ya kufuatilia ni ya petroli au dizeli inapopakiwa huko.

Mara nyingi bei hiyo hupanda na kushuka pamoja na Brent, lakini si siku zote. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, dizeli ilipanda kwa kasi kuliko ghafi, kwa sababu Ulaya ilikuwa imezoea dizeli ya Urusi. Tarehe 5 Februari 2023 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuingiza bidhaa za mafuta za Urusi, na wanunuzi wake wakageukia Ghuba na India, kisima kilekile tunachochota sisi. Aliyetazama Brent peke yake kipindi kile hakuelewa kwa nini dizeli inamuumiza kuliko petroli. Ziandike mbili hizo kwenye daftari kila moja na safu yake.

Namba za kuanzia zimo ndani ya matangazo yenyewe, ila watu husoma jedwali la bei na kuachia hapo. Kenya, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na aya za mwanzo hutaja wastani wa gharama ya kila aina ya mafuta yalipotua bandarini, kwa dola kwa mita moja ya ujazo, mwezi uliopita na ule uliotangulia. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hueleza kwa asilimia mabadiliko ya bei za soko la dunia na ya gharama za uagizaji kwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Hizo aya za mwanzo ndizo zenye habari.

Tumia wastani wa mwezi, usitumie bei ya siku moja. Juni 2025, Israel na Iran ziliposhambuliana, Brent ilitoka karibu dola 69 kwa pipa ikagusa 79 ndani ya wiki moja, kisha ikarudi chini ya 70 mara tu vita viliposimamishwa. Aliyepandisha nauli kwa kilele kile aliwaonea abiria wake.

Geuza vipimo kwanza

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, maana kila mahali hutumia kipimo chake. Pipa moja ni lita 159. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Tani haina jibu moja, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko dizeli: tani ya petroli hutoa takriban lita 1,340, ya dizeli takriban 1,190. Ukichukua lita za petroli ukapigia dizeli, umekosea kwa zaidi ya asilimia 10 kabla hujafika kwenye kodi.

Tuseme bei ya dizeli iliyosafishwa imepanda kwa dola 8 kwa pipa. Gawa 8 kwa 159 upate dola 0.0503 kwa lita. Kwa dola ya shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni shilingi 126 kwa lita. Lori linalotumia lita 400 kwa safari limeongezewa gharama ya takriban shilingi 50,000, na hizo ndizo za kwenda nazo kwa mwenye mzigo mnapojadili bei.

Dola huweza kupita mafuta yenyewe

Chukua petroli iliyotua Mombasa kwa dola 700 kwa mita ya ujazo. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipokuwa karibu shilingi 160 za Kenya, lita moja ingehesabiwa shilingi 112. Baadaye mwaka huohuo dola ilishuka hadi karibu 129, na lita ileile ingehesabiwa shilingi 90. Tofauti ya shilingi 22, na hakuna kisima chochote duniani kilichobadilika. Ukitaka namba moja ya kuitazama kila asubuhi, tazama hii. Tumia kiwango ambacho waagizaji hununulia dola. Cha dukani kwa watalii kitakupoteza.

Meli, na ramani

Juu ya bei ya mafuta huja nyongeza ya muuzaji, inayobeba usafiri, bima na faida yake, na hutajwa kwa tani. Dola 30 kwa tani ya dizeli ni kama senti 2.5 za dola kwa lita, yaani shilingi 3 na ushei za Kenya. Haitishi hadi pale hatari inapoongezeka baharini.

Mlango wa Hormuz, kati ya Iran na rasi ya Musandam ya Oman, una upana wa kilomita 33 hivi pale unapobana zaidi. Mwaka 2024 ulipitisha takriban mapipa milioni 20 kwa siku, karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani. Unaposikia tishio la Hormuz, swali la kwanza ni mzigo wetu unapakiwa wapi. Bandari za Jubail na Ruwais ziko ndani ya mlango. Fujairah, Sohar na Duqm ziko nje yake, na Jamnagar vilevile. Meli za nje hazina haja ya kupita pale, lakini bei zao hupanda pia, kwa sababu wanunuzi wote waliofungiwa huhamia huko. Ukisikia kwamba mafuta yetu yanatoka Fujairah, usidhani tumekingwa.

Bahari ya Shamu ni habari nyingine. Tangu Novemba 2023, Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waliposhambulia meli, nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Njia ya kutoka Ghuba kuja Mombasa au Dar haipiti Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo, kabisa. Hasara kwetu huja kwa mlango wa nyuma: safari za wengine zikirefuka, meli za kukodi hupungua, na gharama ya kukodi meli hupanda kwa kila mtu.

Kodi: tenga ya shilingi na ya asilimia

Tozo nyingi ni shilingi kadhaa kwa kila lita, mafuta yawe ghali au rahisi. Ndiyo maana bei ya dunia ikishuka kwa asilimia 10, pampu haishuki kwa 10. Kama gharama ya kutua bandarini ni nusu ya bei ya pampu, tarajia nafuu ya asilimia 5 hivi. Kenya kuna jambo la ziada: VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, nayo hukua pamoja na bei. Kila mara soma kiwango kilichoandikwa kwenye tangazo jipya, kisha ukitie kwenye hesabu.

Hesabu nzima ya Kenya kwa kiwango cha 16 ni hii. Dizeli imetoka dola 640 hadi 700 kwa mita ya ujazo, dola ni shilingi 129.5. Ongezeko la dola 60 ni dola 0.06 kwa lita. Zidisha kwa 129.5 upate 7.77, zidisha kwa 1.16 upate shilingi 9. Tangazo likija na ongezeko la shilingi 4, usifute hesabu yako. Angalia kama serikali imeingiza ruzuku, au imepunguza faida ya wauzaji. Shilingi hizo 5 zina mtu anayezilipa, na ruzuku ikiondolewa zinaweza kurudi pampuni kwa mkupuo. Ziandike pembeni.

Kosa lingine ni la muda. Mafuta yaliyo kwenye pampu leo yalinunuliwa, yakasafirishwa na kushushwa wiki nyingi nyuma, kwa hiyo mtikisiko wa dunia hufika kwetu kati ya mwezi mmoja na miwili baadaye. Kuchelewa huko ndiko kunakokupa nafasi ya kukadiria.

Wengine hutegemea bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kwamba litashusha bei. Litabeba mafuta ghafi ya kuuzwa nje kwa bei ya dunia. Cha kutazama ni kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku kinachopangwa Uganda, kwani hicho ndicho kingebadilisha njia ya petroli na dizeli.

Hesabu hiyohiyo kwa umeme

Bodaboda inayochoma lita 3 za petroli kwa siku, bei ikipanda kwa shilingi 9 za Kenya, hupoteza shilingi 702 kwa mwezi wa siku 26. Petroli hiyo hutoa takriban kilo 7 za hewa ya ukaa kila siku, kwani lita ya petroli hutoa kilo 2.3 na ya dizeli 2.7. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, na maji ya bwawa la Julius Nyerere, Tanzania, lenye uwezo wa megawati 2,115, havipiti Hormuz. Hiyo ni faida ya pikipiki ya umeme ambayo wauzaji huisahau wanapozungumzia mazingira tu. Ila kabla ya kusaini mkopo wa pikipiki hiyo Kenya, chukua bili tatu za umeme za miezi tofauti utazame mistari ya gharama za mafuta na ya mabadiliko ya fedha za kigeni. Mvua zikiadimika na majenereta ya dizeli kuwashwa, mstari wa mafuta hunenepa. Tumia bili iliyo kubwa kuliko zote tatu kupigia hesabu ya marejesho.