Kumwandaa mzee kwa baridi ya Juni: mwongozo kutoka Molo

Ukimuuliza Shosho, yaani bibi yako, kama anasikia baridi, atakwambia yuko sawa. Atasema hivyo hata kikombe kikimtetemeka mkononi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Molo, nyanda za juu za Kenya, na jibu hilo nimeacha kuliandika kwenye daftari. Mzee ana ngozi nyembamba na nyama kidogo, hatetemeki kama kijana, na baridi humwingia kabla hajaitambua. Kwa hiyo hatua hizi hazisemi "muulize". Zinasema gusa, pima, hesabu.

Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, Mau Narok iko juu zaidi, na kati ya Juni na Agosti alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isipungue nyuzi 18. Nyumba ya mbao na mabati haitafika huko, tusidanganyane. Lakini ukianza Mei utapunguza mengi.

Hatua ya 1: Kagua nyumba alfajiri

Wengi hukagua nyumba ya mzazi Jumapili mchana, mabati yakiwa yamepata jua. Lala huko Jumamosi, uamke saa kumi na moja. Keti kitandani pake, upitishe kiganja polepole kwenye ukuta. Upepo unapoingilia utapajua. Ziba nyufa za upande wa kitanda kwa matambara au kadibodi, lakini acha nafasi ya juu karibu na paa. Vuta kitanda kutoka ukutani, shubiri moja yatosha, na utandike kadibodi au blanketi kuukuu chini ya godoro, maana baridi nyingi hutoka huko. Alale na soksi na marvin, ile kofia ya sufu, kichwani. Nguo tatu nyepesi hushinda koti moja zito. Kama anapokea Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, zile shilingi 2,000 za mwezi mmoja kabla ya Juni ziende kwa blanketi la mitumba.

Hatua ya 2: Jiko lilale nje

Hapa sibembelezi mtu. Makaa yakishashika vizuri hayatoi moshi, na ndiyo maana watu huyaingiza chumbani wakidhani ni salama. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Anayeipumua huumwa kichwa, husinzia, halafu haamki. Jiko lililofunikwa na jivu bado linaitoa. Aote moto jioni mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha jiko litoke kabla hajapanda kitandani.

Badala yake mtilie maji moto kwenye ule mpira wa maji unaouzwa kwenye maduka ya dawa. Yasiwe yanayochemka. Uvishe soksi nzito, uuweke katikati ya blanketi nusu saa kabla ya kulala, kisha uutoe. Mzee mwenye sukari huenda hasikii vizuri kwenye nyayo. Anaweza kuungua na asijue mpaka asubuhi.

Hatua ya 3: Maji, na choo kilicho mbali

Nikiambiwa nichague hatua moja tu, nitachagua hii, na ndiyo isiyozungumzwa.

Kuna Guka (babu) mmoja, miaka inakaribia themanini, aliyekuwa na kizunguzungu wiki nzima. Nyumbani walisema ni presha imepanda. Nilipopima, ilikuwa imeshuka.

"Guka, leo umekunywa nini?"

"Chai."

"Vikombe vingapi?"

"Nusu. Asubuhi."

Ilikuwa saa kumi jioni. Midomo ilikuwa imepasuka, na mkojo, mjukuu alisema, ulikuwa na rangi ya chai ya rungi, isiyo na maziwa. Nikanyamaza. Akatazama nje, kule choo kilipo nyuma ya viazi, njia yote matope, akasema, "Nikinywa, usiku nani atanipeleka huko?"

Hakuwa amesahau kunywa. Alikuwa amepiga hesabu. Wazee wengi huipiga kila msimu wa baridi, na matokeo yake ni kufunga choo, maambukizi ya mkojo na kuanguka.

Fanya hivi. Sehemu kubwa ya kinywaji chake iishe kabla ya saa kumi jioni: chai, uji, supu, maji ya uvuguvugu, jumla kama vikombe sita, isipokuwa kliniki imempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Kama anameza dawa ya kutoa maji mwilini, uliza kliniki kama anaweza kuimeza asubuhi; usibadilishe mwenyewe. Halafu tafuta ndoo yenye mfuniko, weka jivu kidogo ndani, na juu yake kiti imara cha plastiki kilichokatwa tundu. Kikae kando ya kitanda, na tochi iwe mahali mkono unafika.

Kazi ngumu ni kumshawishi. Guka aliniambia yeye si mtoto. Nikamwambia hii ni ya siku za mvua tu, njia ikikauka tutaiondoa. Mvua aliikubali. Na ndoo aimwage mjukuu wa kiume, si mkaza mwana. Ukipuuza heshima hiyo, ndoo itakaa kavu.

Hatua ya 4: Chakula

Uji wa wimbi asubuhi, maharagwe au yai au omena kila siku, na kitu cha moto kabla ya kulala. Kama meno hayapo, ponda. Usimjazie chumvi kwenye supu.

Hatua ya 5: Presha na dawa za dukani

Baridi hubana mishipa, kwa hiyo presha hupanda msimu huu. Lakini pia tunaipima vibaya: mzee amevaa sweta mbili na mtu anafunga mashine juu yake. Toa mkono mtupu. Apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, awe ameshakwenda haja ndogo. Pima mara mbili. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja, ni hospitali saa hiyo.

Dawa nyingi za mafua zina kiungo cha kuzibua pua kinachopandisha presha. Diklofenaki na ibuprofen, zile anazonunua magoti yakimuuma, huumiza figo, hasa za mtu asiyekunywa maji. Mwambie mwenye duka, "Huyu ana presha," kabla hajafungua droo.

Hatua ya 6: Usingoje homa

Nimonia ya mzee mara nyingi haina joto jingi. Utaona ameacha kula, anaita watu kwa majina yasiyo yao, au analala mchana kutwa. Tazama kifua chake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia. Zikifika 25, usingoje kesho.

Kila asubuhi tia mkono chini ya nguo, tumboni. Mikono kuwa baridi ni kawaida. Tumbo likiwa baridi, na maneno yanamtoka kwa kuburuta, huenda joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35. Mfunike, kichwa pia, mpe kinywaji cha uvuguvugu kama anameza vizuri, na utafute gari. Usimsugue wala usimtie kwenye maji moto. Na kile kikombe cha "kuchangamsha damu" kiache: pombe hufungua mishipa ya ngozi na joto lililobaki linatoka.

Kwa ninyi mnaopiga simu kutoka Nairobi, acheni "Shosho, uko salama?" Ulizeni: Jiko liko wapi sasa hivi? Umekunywa vikombe vingapi tangu asubuhi? Umelala na soksi? Halafu mwombeni ampe simu mtoto aliye karibu, na huyo mtoto atie mkono tumboni.