Kugawana oda ya korosho na jirani: pimeni kwanza, mkataba ufuate

Sisi tunaobangua korosho hapa Masasi, kusini mwa Tanzania, tunategemeana. Mmoja ana boila ya mvuke, mwingine ana tanuri la kukaushia, wa tatu anafungasha. Oda ikiwa kubwa lazima tugawane. Mimi naamini sababu ya kuandika mkataba si kutomwamini mwenzako. Unaandikwa ili mnaoaminiana msije mkagombana kwa jambo ambalo kila mtu analikumbuka kivyake.

Hatua ya 1: Anzeni na mzigo mdogo. Mtu mpya mpe viroba viwili. Angalia akichelewa anapiga simu au anazima. Kisha waulize akina mama wanaombangulia kama wanalipwa kwa wakati. Anayewazungusha wao atakuzungusha na wewe.

Hatua ya 2: Pimeni mkiwa wote. Hapa ndipo urafiki unapofia. Msimu mmoja nilimpa jirani kilo 400 za korosho ghafi. Kwa kawaida kilo 4 za ghafi hutoa takribani kilo 1 ya korosho karanga, yaani punje zilizokwisha kubanguliwa, basi nikasubiri kilo 100. Zikarudi 84. Mimi nikamwona mwizi, yeye akaniona nimemtupia mabaki ya msimu. Wiki tatu hatukusalimiana. Kumbe mzigo ulikuwa umelala kwenye sakafu tupu ya ghala langu na kunywa unyevu, kwa hiyo sehemu ya kilo nilizopima ilikuwa maji. Siku ya makabidhiano hakuna aliyepima unyevu.

Tangu hapo, mzigo unapokabidhiwa tunachota konzi moja kutoka kila kiroba, tunapasua na kuhesabu mbele ya wote: nzima, changa, zilizooza. Unyevu unapimwa, mzani unasomwa kwa sauti, daftari lenye kopi linasainiwa pale pale. Watu wa Kusini tumeshaumizwa vya kutosha na vipimo vya kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo kwa vipimo visivyo rasmi.

Hatua ya 3: Andikeni mkataba, kwa Kiswahili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Kazi ni kuyathibitisha. Ukurasa mmoja unatosha: kilo na unyevu wakati wa kupokea, kilo zinazotarajiwa kurudi, daraja (kwa mfano W320, yaani punje zisizozidi 320 kwa ratili, karibu nusu kilo), vipande vitakuwa vya nani, malipo siku gani, na umeme ukikatika katikati ya kukausha hasara anabeba nani. Hilo la umeme wengi hulisahau. Kila upande ulete shahidi. Oda ikiwa kubwa, pitieni kwa wakili.

Hatua ya 4: Mengine yaacheni nje ya karatasi. Kuazimana boila siku moja, au kumwachia mwenzako wabanguaji wako akizidiwa, hayo usiyaandikie masharti. Ukishaanza kudai saini kwa kila fadhila, fadhila zitakwisha.

Hatua ya 5: Likitokea tatizo, mfuate na daftari. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wateja. Kaeni wawili, fungueni ukurasa wa siku ile, mzungumzie namba kabla ya tabia.

Zile kilo 16 mimi na jirani tuligawana hasara nusu kwa nusu. Leo ufunguo wa pili wa ghala langu anao yeye, na kila mzigo bado tunausimamia wote wawili kwenye mzani.