Boti ya mtumba imekufa umeme, ufunguo haujibu kitu: anzia hapa kabla hujanunua chochote

Umenunua boti ya mtumba, zile spidi boti za kuvuta watu kwa skii na matyubu, umeipata kwa bei nzuri, umeishusha ufukweni unageuza ufunguo, kimya. Hakuna taa, hakuna honi, geji zimelala, sitata (mota ya kuzungusha injini iwake) haisemi hata tik. Basi kwanza mfuko wako uache ulivo. Binamu yangu wa Nungwi kabla hajaniita alishanunua betri mpya, akanunua na swichi ya ufunguo, na siku naenda alikuwa anajiandaa kushuka mjini kutafuta sitata, na boti bado imekufa vile vile. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nati moja ya ethi (waya mweusi wa kurudisha umeme kwenye betri) nyuma ya injini, imeoza kwa chumvi. Pesa ya betri na swichi ilikwenda bure na roho iliniuma kwa ajili yake.

Kitu kimoja tu ukishike: umeme unatoka kwenye betri unakwenda mpaka kwenye ufunguo kwa njia yake, na unarudi kwenye betri kwa njia yake. Mahali fulani pamekatika. Kazi yako ni kuifuata ile njia hatua kwa hatua mpaka upaone, si kubahatisha.

Kabla ya yote, boti nyingi za skii injini iko ndani na inakunywa petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala kwenye ngama, yani chini kabisa tumboni mwa boti, na cheche moja ya waya inatosha. Kwa iyo fungua mfuniko wa injini, acha hewa ipite, inusa. Ukisikia harufu ya petroli usiguse waya wowote mpaka ujue inavuja wapi na ngama iwe kavu. Pete na saa vua. Umeme wa volti 12 haukurushi kama wa ZECO wa nyumbani lakini spana ikigusa chanya na hasi pamoja, au pete yako ikawa katikati, inakuwa nyekundu hapo hapo na kidole kinaungua vibaya. Ukifungua betri anza kutoa hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho.

Vifaa ni vichache tu, mita ya kupimia umeme hata ile ya bei rahisi, msasa, mswaki wa waya, spana, na taa moja ya breki ya gari ya wati 21 uliyoiunganishia vipande viwili vya waya. Hii taa ntaieleza, mana ndo inayomuumbua mchawi.

Swali la kwanza: pampu ya ngama inafanya kazi? Nyanyua lile boya lake kwa mkono. Kwenye boti nyingi pampu ile imefungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi kuu, makusudi, ili boti isizame ukiwa umelala nyumbani. Ikizunguka kwa nguvu basi betri ina uhai na tatizo liko mbele. Ikiwa kimya bado hujajua kitu, mana pampu nazo hufa.

Sasa betri. Iwe imepumzika masaa kadhaa bila kuchajiwa, halafu pima. Volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, 12.0 kushuka chini ina njaa. Iliyosoma 10 na kitu mara nyingi seli moja imekufa. Lakini mita isikudanganye, betri mbovu inaweza kuonesha 12.5 ikiwa haina mzigo, ukiipa kazi inaanguka mpaka 6. Ipe mzigo ndo uipime, na kama unaweza azima betri nzima ya gari la mtu uijaribu kwa dakika tano, ni bure. Teminali nazo usiziangalie kwa macho tu. Fungua, sugua mpaka ung'are, ile unga nyeupe na kijani iondoe kwa maji ya moto yenye magadi soda (yasiingie ndani ya betri), suuza kwa maji ya mfereji, kausha, kaza, halafu ndo upake vaselini juu. Zishike uzivute kwa mkono, ikicheza hata kidogo haijakaza.

Swichi kuu, ile nyekundu kubwa ya kugeuza. Utacheka lakini boti ya mtu mwingine hujui alama zake, angalia kweli iko ON, kama ina 1, 2 na BOTH basi angalia betri yako imefungwa upande upi. Pima nyuma yake: waya unaoingia una 12, unaotoka una 12 ukiwasha? Ukiona inaingia haitoki, swichi imekufa ndani, badilisha.

Haya, hapa kwenye ethi ndo nataka ukae, mana watu wanafuata waya mwekundu tu na wanasahau mweusi. Kwenye boti nyingi za injini ya ndani, umeme wa dashibodi yote unarudi kupitia injini, yani mweusi mnene unatoka hasi ya betri unafungwa kwenye chuma cha injini, na kutoka pale mweusi mwembamba unakwenda mbele kwenye geji. Ile nati moja ikioza, dashibodi nzima inakufa pamoja na sitata, na wewe utaapa ni betri. Kupima ni rahisi. Swichi kuu iwe on, ufunguo on. Waya mweusi wa mita uweke kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe si kibanio chake, mwekundu uguse chuma kitupu cha injini pasipo rangi. Ethi nzima itasoma sifuri au karibu yake. Ya binamu yangu ilisoma 12! Maana yake umeme unafika mpaka kwenye injini halafu hauna njia ya kurudi nyumbani. Tukachukua waya wa kubustia gari, upande mmoja hasi ya betri, upande mwengine kwenye chuma cha injini, geji zote zikanyanyuka kwa pamoja na honi ikalia. Dakika moja tu.

Ukiona ethi iko sawa endelea na mwekundu. Kutoka swichi kuu unakwenda kwenye nguzo kubwa ya sitata, na pale pale unachepuka waya mwembamba kupitia brekaa iliyofungwa juu ya injini, mara nyingi ya ampia 50, ina kitufe. Kibonyeze. Kikirudi na umeme ukaja, shukuru lakini usiondoke, mana haikuruka bure, kuna waya umechubuka mahali unagusa chuma, utafute. Na fyuzi ikiungua weka nyengine ya namba ile ile. Nimekuta boti fyuzi imezungushiwa uzi wa shaba, hiyo ni kuwasha moto boti ya faiba ikiwa na watu, tafadhali sana msifanye.

Baada ya brekaa kuna plagi kubwa ya duara, pini 8 au 10, inayounganisha injini na nyaya za mbele. Ichomoe uangalie ndani. Kwetu huku chumvi iko mpaka hewani, kaskazi na kusi, pini inakuwa kijani, mara nyengine imeungua nyeusi. Safisha kila pini, ibane kidogo ishike, irudishe mpaka mwisho.

Na hapa ndo taa ya wati 21 inafanya kazi. Waya ulioliwa na kutu ukabaki unashika kidogo tu mita itasoma 12 safi, kwa sababu mita haili umeme. Taa inakula karibu ampia 2, kwa iyo mguu mmoja weka ethi nzuri, mwengine gusa pale unapopima. Ikiwaka nyeupe kali njia nzima, ikiwa nyekundu ya kufifia au isiwake huku mita inasema 12, ugonjwa uko kabla ya hapo. Rudi nyuma hatua moja moja mpaka iwake vizuri.

Mwisho ni swichi ya ufunguo. Kwenye injini nyingi za MerCruiser umeme unaingia kwa waya mwekundu wenye mstari wa zambarau, ukiwasha unatoka kwa zambarau, ukistati unatoka kwa njano yenye mstari mwekundu. Ila hii mtumba, mtu anaweza kuwa amefunga rangi yoyote aliyoipata, amini taa kuliko rangi. Kama geji zimeamka lakini sitata haizunguki angalia gia iko nyutro, kuna kiswichi pale kinazuia.

Ukipata waya ulioliwa usisokote na tepu, tepu inafungia chumvi ndani. Kata nyuma mpaka uone shaba inayong'aa, hata kama ni futi nzima, mana kutu inatambaa ndani ya plastiki. Tumia waya wa nyuzi nyingi, ukipata uliopakwa bati bora zaidi, ule wa nyumba wa uzi mmoja mgumu utakatika kwa mtikisiko. Bana kichwa chake vizuri na uvalishe mpira wa kusinyaa kwa moto.

Binamu tulimkatia kichwa kipya cha ethi, tukasugua chuma mpaka cheupe, nati mpya ya stenlesi. Tukasubiri maji yajae ndo tukawasha, mana injini hizi bila maji impela (ile panga ya mpira ya pampu ya maji) inaungua, feni ya kutoa mvuke tukaiacha izunguke dakika nne kwanza. Ikawaka mkupuo wa kwanza. Mita kwenye betri ikasoma 14.1 injini ikizunguka, yani inachaji, yako ikisoma chini ya 13 basi olteneta, ile inayochaji betri, nayo ina neno. Na nikamwambia ile swichi kuu usiizime injini ikiwa inazunguka, utaua olteneta. Betri aliyoitoa tuliichaji usiku kucha na asubuhi ilisoma 12.6, sasa ndo anaitumia ya pili.